Ukimkemea Kulwa, Mkemee na Doto

Mwaka huu, siku ya tuzo zenu, mshereheshaji alinipa kipaza sauti akasema, "Fundi Minza, maneno mawili tu kwa wanagenzi wapya." Maneno mawili mimi huwa nayamaliza kwenye salamu. Nikasalimia, nikaanza kueleza rola la ngozi ni kitu gani, nikamwona anasogea huku anatabasamu, na mara kipaza sauti hakipo mkononi mwangu na muziki umeshafunguliwa. Simlaumu, pilau lilikuwa linapoa. Mkuu wenu wa uanagenzi alinionea huruma, akaniomba niyaandike yaliyobaki ili myasome kabla hamjaingia viwandani. Basi nimekaa hapa kwangu Bariadi, chai iko mezani, na hakuna wa kuninyang'anya kalamu.

Nianze na asante. Mliniweka kiti cha mbele, mkanipa maji ya chupa, mkanipa na cheti chenye fremu ambacho majirani wanakuja kukitazama kama mgonjwa aliyeruhusiwa kutoka hospitali. Nimefanya kazi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba tangu nikiwa binti hadi nikastaafu, na kwa miaka yote hiyo jina langu lilitangazwa kwa kipaza sauti mara moja tu, siku nilipoegesha baiskeli yangu mbele ya lori la marobota ya pamba. Kwa hiyo mnielewe nikisema moyo wangu umejaa. Sikutegemea kwamba chuo kikuu kingekuja siku moja kunishukuru mimi kwa kuwakaripia watoto wa watu.

Kwa nyie ambao pamba mmeiona kwenye fulana tu, sikilizeni. Mkulima anavuna pamba ikiwa na mbegu ndani, na kazi yetu ni kuitoa mbegu bila kuziharibu nyuzi. Mashine nilizokulia mimi zina rola refu lililovikwa ngozi, na juu ya ngozi hiyo unakandamizwa wembe wa chuma, mrefu kama rola lenyewe, ambao sisi tunauita kisu. Ngozi inavuta nyuzi, kisu kinaizuia mbegu. Kisu kinakazwa kwa bolti za upande wa kulia na za upande wa kushoto. Ukikaza mno, ngozi inapata moto na kuungua, na harufu yake utadhani mtu amekaanga kiatu. Ukilegeza mno, mbegu inatoka bado imevaa sweta, yaani nyuzi zimebaki mwilini mwake, na hizo nyuzi ndizo mali tunayoitafuta. Nimewahi kuwaona mafundi wazima na ndevu zao wakishindana na kisu hicho kuanzia asubuhi mpaka wapishi wanaosha masufuria ya mchana.

Aliyenifundisha ni Mzee Luhende, Mungu amrehemu, mtu mfupi mwenye sauti ya kuzidi injini. Siku yangu ya kwanza alinirudisha nyumbani kwa sababu ya bangili. Siku ya pili alinirudisha kwa sababu ya kitenge. Siku ya tatu nikaja nimevaa suruali ya kaka yangu, mama alilia njia nzima akinisindikiza, na Mzee Luhende akanitazama akasema, "Haya, sasa tuna fundi." Mnaona ni ukali, lakini mkanda wa mashine hauulizi bangili ulipewa na nani. Siku hizi ni zile nyaya za masikioni mnazoning'iniza. Zivueni mlangoni, mtasikiliza nyimbo zenu jioni.

Mzee yule alikuwa na tabia moja iliyonifanya nidhani hazimtoshi. Kila asubuhi, kabla umeme haujawashwa, alipita mashine moja baada ya nyingine akizisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka!" Mimi nyuma yake nilitakiwa kuitikia kwa niaba ya mashine, "Mhola!" Nisipoitikia, anarudi kuanza upya. Ilinichukua muda kutambua kwamba mtu anayesimama kusalimia anapata nafasi ya kutazama. Ndivyo tulivyokuta bolti iliyolegea, na tambara lililosahauliwa, na siku moja panya na watoto wake ndani ya kifuniko cha mkanda. Mimi niliendelea na salamu hizo mpaka nastaafu, na wanagenzi wangu wote waliitikia, hata yule wa kutoka Tanga aliyekuwa anasema "mhola" kama anapiga chafya.

Alinifundisha pia kupima joto kwa mgongo wa mkono badala ya kiganja, maana mgongo wa mkono unaona haraka na unatoka haraka. Nyie mna kile kifaa cha kulenga kinachoandika joto kwenye kioo. Kitumieni, ni kizuri, ningekipata mimi nisingekuwa na haya makovu. Sitaki mtu aseme Fundi Minza anapinga mambo mapya. Rola za zamani tulikuwa tunakata ngozi wenyewe, tunagundisha wenyewe, gundi inanuka mpaka kwenye ugali. Siku hizi zinakuja zimefungwa kwenye boksi, na kila nikiliona hilo boksi nasema wabeja sana, asante kwa aliyelileta.

Na kabla sijasahau, robota la pamba likianza kutoa moshi, usilifungue. Mwanagenzi mmoja, ambaye simtaji kwa sababu sasa ni mheshimiwa, alikata nyaya za robota ili amwagie maji ndani. Pamba iliyobanwa inaungua taratibu, ndani kwa ndani. Ukiifungua umeipa hewa. Ilimlipukia, akatoka pale hana nyusi, akazichora kwa penseli ya macho ya dada yake ili aende kanisani. Litoeni nje, liwekeni peke yake mbali na mengine, muwaite wenye kazi yao. Haya, sasa nifike kwenye kisa nilichotaka kuwaeleza siku ile muziki ukanizidi.

Ulikuwa msimu wangu wa mwisho kazini. Chuo kikuu kilituletea wanagenzi kama kawaida, na kila mmoja alifika na begi lake. Wawili walifika na bibi yao. Bibi Nkwimba alitoka nao Nassa, kule Busega, amejifunga kitenge kipya na ameshika fimbo ambayo hakuihitaji. Mama yao alikuwa mchuuzi wa dagaa Lamadi, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, kwa hiyo kulea alilea bibi. Alinikuta getini.

"Mwangaluka, mayu," akasema, yaani habari za asubuhi, mama.

"Mwangaluka. Mhola?"

"Mhola duhu, salama tu. Nimekuletea wanangu. Huyu wa kiume ni Kulwa, huyu wa kike ni Doto."

Mnaotoka mbali na Usukumani mjue kwamba Kulwa ni jina la pacha anayetangulia kuzaliwa, na Doto ni wa pili. Bibi Nkwimba akaanza kunipa masharti, mlinzi wa getini anasikiliza.

"Ukimpa Kulwa chai, mpe na Doto, kipimo kilekile. Ukimpa Doto nyundo, mpe na Kulwa. Ukimkemea Kulwa, mkemee na Doto."

"Hata kama Doto hajakosa?"

"Atakosa kesho. Wewe mkemee tu."

Msicheke sana. Kwa wazee wetu wengi, na mimi nimelelewa humohumo, pacha hapewi kitu mwenzake akaangalia. Wanaogopa kwamba yule aliyenyimwa atadhoofika, augue, na mwisho wamkose. Bibi Nkwimba alikuwa anaamini hivyo kwa moyo wote, na vitoto vile viwili vilivyozaliwa vidogo sana, ambavyo watu walikuwa wameshavikatia tamaa, ndivyo hivyo vimesimama mbele yangu virefu kunizidi. Ningebishana naye kwa lipi? Nikakubali. Msimu ule kiwanda kizima kilizoea kusikia nikifoka, "Kulwa, umeacha spana juu ya mashine! Na wewe Doto!" Doto anaitikia, "Samahani fundi," wakati yuko upande wa pili anafagia.

Na walikuwa mafundi, jamani. Niliwapa mashine namba nne, ambayo ilikuwa na kiburi. Kulwa alisimama kulia, Doto kushoto, kila mmoja na spana yake, wakaanza kukaza kisu bila kusemezana. Huyu anazungusha kidogo, huyu anazungusha kidogo, wanatazamana, wanaacha. Baada ya muda mfupi namba nne ilikuwa inatoa pamba safi kuliko mashine zote, na mbegu zinadondoka uchi kabisa. Wafanyakazi wa mashine nyingine walikuwa wanakuja kuwatazama wakati wa mapumziko. Mimi nilikuwa najisifu kwa kila mtu, mpaka muuza maandazi alikuwa anajua habari za namba nne.

Karibu na katikati ya msimu akaja Mwalimu Bahati, mhadhiri wa chuo chenu aliyekuwa anasimamia wanagenzi wa viwanda vya pamba. Alisema chuo kimeweka tuzo ya mwanagenzi bora wa pamba, itatolewa siku ya tuzo, na pamoja nayo kuna nafasi moja ya kuendelea na stashahada, ada na malazi vyote juu ya chuo. Nilipowaambia Kulwa na Doto, Doto akaniuliza kama ni kweli au ni maneno ya siasa. Dagaa wa mama yao walikuwa wamewafikisha pale walipofika na wasingeweza kuwafikisha mbele zaidi. Bila nafasi ile, masomo yao yalikuwa yanaishia kwenye msimu huo.

"Andika wote wawili," nikamwambia Mwalimu Bahati.

"Fundi, nafasi ni moja. Tuzo ni ya mtu mmoja."

"Hawa ni mtu mmoja."

Akacheka, ila kichwa chake kilikuwa kinafanya kazi. "Basi kesho naomba kila mmoja aniwekee kisu peke yake. Mwenzake asubiri nje."

Nilikubali bila wasiwasi wowote. Kesho yake Kulwa akaingia kwanza. Akakaza kulia, akaenda kushoto, akakaza, tukawasha. Haikuchukua muda harufu ya kiatu cha kukaanga ikajaa ukumbi mzima. Tukabadilisha rola, akaingia Doto. Akaweka kulia, akaweka kushoto, kwa upole kama anafunga kitovu cha mtoto, tukawasha. Mbegu zikaanza kudondoka zimevaa masweta, na nyingine na makoti.

Ndipo jambo lote likakaa wazi mbele yetu. Mkono wa Kulwa ulikuwa mzito, wa Doto ulikuwa mwepesi. Wakiwa wawili, uzito wa huyu ulikuwa unafidiwa na wepesi wa huyu, kisu kinatulia, na hakuna aliyejua, si mimi wala wao. Kosa la namna hiyo lingeweza kuwapata watu wawili tu katika mkoa mzima wa Simiyu, waliolelewa kugawana kila kitu mpaka mikono. Kulwa, tuliyemwita arudi ndani, alisimama anatazama ngozi iliyoungua. Doto alikuwa ameokota mbegu kiganjani, anazing'oa nyuzi moja moja kwa kucha, nadhani hakujua anachofanya.

Mwalimu Bahati hakuwakejeli, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Alinivuta pembeni akasema, "Fundi Minza, hapa una fundi mmoja hodari sana mwenye viwiliwili viwili. Siku mmoja akiwa na homa, mwingine atakula wapi?" Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo haifai kuyaandika kwenye karatasi itakayosomwa na chuo. Akanisubiri nimalize, akasema atarudi kabla msimu haujafungwa, na kama hakuna kati yao anayeweza kuweka kisu peke yake, nafasi itakwenda kwa mwanagenzi wa kiwanda kingine. Alipoondoka nilikaa kwenye benchi la chai nikajua kabisa kwamba amesema kweli. Vijana, mtu akikuonyesha ufa kwenye kazi unayojivunia, kasirika kama mimi, lakini usichelewe kumshukuru. Mimi nilimpigia simu kesho yake.

Dawa ilikuwa moja: kuwatenganisha. Kiwanda kimoja pale Nyalikungu, Maswa, kilikuwa tayari kumpokea Doto kwa muda uliobaki. Ningeweza kuamua mwenyewe, nilikuwa na mamlaka. Lakini bibi wa watu alikuja mwenyewe getini kwangu na masharti yake nikayakubali, sasa niyavunje kwa siri? Nikapanda gari kwenda Nassa.

Nilimkuta Bibi Nkwimba anaanika michembe kwenye turubai, vipande vya viazi vitamu vyeupe vimejaa ua mzima. Nilikaa chini nikawa namsaidia kutandaza huku namweleza. Hakunikatiza. Nilipomaliza, akatikisa kichwa.

"Hapana, mayu. Pacha hawaachanishwi. Mimi nimewalinda na hilo tangu wakiwa wa kubebwa na viganja."

"Najua ulivyowalinda. Ila bibi, chuo kina kiti kimoja. Wakiendelea hivi watakikosa wote, halafu utakuwa umewagawia sawasawa kukosa."

Alinikazia macho, nikajua nimekata karibu na mfupa. Akaendelea kutandaza michembe mpaka turubai likajaa. Kisha akauliza, "Nani anaondoka?"

"Doto. Anakwenda Nyalikungu. Kulwa anabaki."

"Mwenye kuondoka anaona mapya, anasahau. Anayebaki ndiye anayeumwa, analala anatazama kitanda kitupu. Ukimhamisha Doto, mhamishe na Kulwa."

"Nimhamishie wapi, bibi? Mashine zangu ziko Bariadi."

"Popote. Chumba kingine, mashine nyingine. Asikae penye pengo." Akapangusa mikono. "Na mmoja akiugua, ng'wanone, mwanangu, nitakuja hapo getini, na sitakuja na kitenge kipya."

Nilirudi na michembe mfuko mzima na hofu mfuko mzima. Doto akaenda Nyalikungu. Kulwa nikamtoa namba nne nikampa namba saba, na nikamtafutia chumba kwa mjane mmoja jirani yangu anayependa kupika. Sitawadanganya, siku za mwanzo zilikuwa mbaya. Kulwa alikuwa anakaza bolti za kulia, halafu anasimama na spana mkononi anatazama upande wa pili wa mashine kama mtu anayesubiri kuitikiwa hodi. Chakula cha mjane kinarudi jikoni. Kila akikohoa, mimi nilikuwa naona fimbo ya Bibi Nkwimba inapita getini.

Ndipo nikakumbuka alivyokuwa anafanya Mzee Luhende anapoweka kisu peke yake. Alikuwa akimaliza upande wa kulia, anaweka spana chini, anazunguka mashine kwa miguu, na akifika kushoto anaanza kumtukana yule fundi wa kulia. "Nani mjinga amekaza hivi? Hana mama?" Anarudi kulia, anamtukana wa kushoto. Tulikuwa tunavunjika mbavu, lakini visu vyake havikuunguza ngozi. Nikamwambia Kulwa, "Zunguka. Ukifika upande wa pili, wewe ni Doto. Mkague kaka yako."

Alinitazama kwa huruma, kama nilivyokuwa namtazama Mzee Luhende wakati wa salamu zake. Lakini alizunguka. Mara ya kwanza hakusema neno, aliona aibu. Siku zikaenda, akaanza kunong'ona. Halafu asubuhi moja niko mlangoni nikasikia sauti yake, ameipandisha juu kidogo kama ya dada yake, "Kulwa wewe! Unakaza hivyo unafunga geti la benki?" Akashika spana, akalegeza kidogo, akawasha. Mbegu zikatoka uchi, na ngozi nikaigusa kwa mgongo wa mkono, baridi. Nilikwenda nyuma ya stoo nikalia kidogo, kisha nikarudi nikamkaripia kwa kuacha tambara sakafuni.

Nilimpigia Doto simu nikamfundisha hivyohivyo. Baada ya muda msimamizi wake wa Nyalikungu akanipigia, "Fundi, huyu binti wako anajigombeza."

"Anasemaje?"

"Anazunguka mashine, halafu anatoa sauti nzito: 'Doto, unaogopa nini? Kaza, hiyo siyo yai!' Tumsaidie au tumwache?"

"Mwacheni, yuko na kaka yake."

Mwalimu Bahati alirudi kabla msimu haujafungwa, kama alivyoahidi. Alimpima Kulwa Bariadi na Doto Nyalikungu, kila mmoja peke yake, na wote wawili wakaweka visu ambavyo hata mimi nisingekuwa na cha kurekebisha. Alinipigia akiwa na furaha kuliko mimi. Halafu akaniuliza swali nililokuwa naliogopa tangu mwanzo. Kwa kuwa wote wamefaulu, na mimi ndiye niliyewalea, nimtajie nani?

Jamani, nilihangaika. Uongozi wa kiwanda ulikuwa umeshaniambia kwamba Kulwa akitaka ajira ataipata, lakini ajira kijana anaweza kuitafuta, na kiti kama kile hakitafutwi. Usafi wa pamba yao ulikuwa uleule. Kilichoniamulia ni jambo nililolikuta Nyalikungu nilipokwenda kumwona Doto. Kulikuwa na binti mwingine mwanagenzi pale, alikuwa ameshaunguza rola mara kadhaa na ameshafungasha vitu vyake aondoke. Doto, mgeni mwenyewe, alimshika akamfundisha kuzunguka, na nilipofika nilimkuta yule binti naye anajigombeza kwa sauti kubwa huku Doto amekaa kwenye ndoo anamsikiliza. Kulwa alijifunza vizuri, akajitosheleza. Doto alijifunza akampa mwingine. Nikamtaja Doto. Mwalimu akaniambia nifunge mdomo hadi siku ya tuzo, ndivyo utaratibu ulivyo, nami nikaufunga, ingawa ulikuwa unaniuma.

Siku ya tuzo tulikaa safu moja ukumbini: Bibi Nkwimba, Kulwa na Doto, na mimi pembeni. Walikuwa wameshonewa nguo za kitambaa kimoja, shati la huyu na gauni la yule. Bibi alikuwa amepakata mfuko. Akanigusa akaufungua kidogo nione. Ndani kulikuwa na mashada mawili ya maua, yale ya kung'aa ya kuvishwa shingoni, rangi zilezile, urefu uleule. "Nimepima kwa kamba," akaninong'oneza. Nilitamani sakafu inimeze. Nilikuwa najua jambo ambalo yule bibi hakulijua, kwamba kwa mara ya kwanza tangu awapokee, mmoja angepewa na mwingine angeangalia, na aliyelitenda hilo ni mimi.

Wakatangaza tuzo ya mwanagenzi bora wa pamba. Wakataja jina la Doto.

Wakasimama wote wawili. Hawakufanya makusudi, tangu wazaliwe, mmoja akiitwa huinuka wote. Kulwa alishapiga hatua kuelekea kwenye njia ndipo akatambua. Watu wa nyuma wakaanza kucheka. Akabaki amesimama pale na shati lake jipya, mikono haijui pa kwenda, na Doto naye akasita, amegeuka anamtazama, haendi mbele wala harudi. Nilimwona anataka kukaa. Nilijua akikaa hatainuka tena.

Bibi Nkwimba akanyoosha mkono, akamshika Kulwa shati kwa nyuma, akamvuta.

"Kaa, ng'wanone. Mwache dada yako aende."

Kulwa akakaa. Doto akaenda. Ukumbi ulikuwa unapiga makofi, na Kulwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake, na bibi anamtazama yeye, hatazami jukwaani kabisa, anamtazama usoni kama unavyomtazama mtoto mwenye homa. Kisha Kulwa akainua kichwa. Akaanza kupiga makofi, polepole, halafu kwa nguvu, halafu akasimama mwenyewe, peke yake, akapiga mluzi mkali uliomfanya mgeni rasmi ageuke. "Huyo ni dada yangu!" akapaza sauti. "Huyo ni dada yangu!" Na machozi yanamtiririka, na anacheka.

Doto alirudi amekumbatia tuzo kifuani. Bibi akafungua mfuko, akatoa shada moja, akamvisha. Akalitoa la pili. Akalishika kwa muda, Kulwa anamwangalia. Kisha akalikunja taratibu, akalirudisha ndani ya mfuko, akaufunga.

"Hili ni la siku yako," akamwambia.

"Ndiyo, bibi," akasema Kulwa.

Bibi Nkwimba akakaa. Alimtazama Doto, akamtazama Kulwa, akarudi kwa Doto, taratibu, kama mtu anayehesabu mbuzi wake jioni na kukuta wameongezeka. Akanigeukia, akanishika mkono.

"Wabeja, mayu," akasema. "Kumbe wako wawili."